Sumu ya Vietnam haitoki kwa beseni

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mzee niliye naye sasa alipigana Vietnam. Mwaka 1969 alikuwa kambi ya Bien Hoa, akibeba mapipa ya ile dawa ya kukausha misitu, Agent Orange. Ana kisukari na Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Namwogesha, nafua nguo zake, namkata kucha. Nina mimba ya miezi mitano. Mkewe kaniambia sumu ile haitoki mwilini, nikaingiwa na hofu. Dada mmoja wa kanisani anauza chai ya kusafisha damu kwa dola 90, na beseni la umeme la miguu kwa dola 200, ambalo maji yake hugeuka rangi sumu inapotoka. Nianze na kipi, na kwa siku ngapi, ili mtoto awe salama?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usianze na chochote. Kumwogesha mzee hakukutii mwilini dioksini, ile sumu ya Agent Orange, mtoto wako hana cha kuogopa kutokana na kazi hiyo, na hizo dola 290 mnunulie nepi.

Ningeishia hapo, lakini maswali ya namna hii yananijia kila mara. Sumu hubadilika, mara risasi ya betri, mara dawa ya mbu, leo Agent Orange, ila beseni ni lile lile. Woga wako naulewa, mjamzito ana haki ya kuogopa. Kinachonichosha ni ile picha waliyokuuzia pamoja na beseni: kwamba sumu ni kama masizi ya sufuria, imegandia ndani, ukipata sabuni kali inang'oka, na usipoisugua itamchafua kila anayekugusa.

Tuanze na mapipa yenyewe. Yalikuwa ya lita 208, yamezungushiwa mstari wa rangi ya chungwa, na jina likatokea hapo. Ndani mlikuwa na viuagugu viwili, nusu kwa nusu: 2,4-D na 2,4,5-T. Vyote viwili huoza udongoni bila kukaa sana. Balaa lilikuwa uchafu uliojipika kiwandani wakati wa kutengeneza hicho cha pili, joto likizidi kiasi: dioksini iitwayo TCDD. Kati ya 1962 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga kusini mwa Vietnam zaidi ya lita milioni 70 za viuagugu, na zaidi ya nusu ilikuwa Agent Orange. Dioksini iliyobaki juu ya majani iliharibiwa na jua upesi. Iliyozama kwenye tope haikuliona jua tena, na mpaka leo ipo.

Dioksini na maji hawapatani. Yenyewe hukimbilia mafuta. Ikishaingia mwilini hujificha kwenye mafuta, na nusu yake huchukua kama miaka 7 hadi 11 kuondoka. Sasa piga hesabu ya mzee wako tangu 1969. Hata ukitumia hiyo miaka 11, imeshakatika nusu mara tano, kwa hiyo amebakiwa na kama sehemu moja kati ya thelathini na mbili ya alichobeba, au chini ya hapo. Mkewe ana haki ya kusema haitoki, maana inatoka polepole kiasi cha kukatisha tamaa. Lakini haitoki kwa jasho likakurukia wewe. Unachokiona kwake sasa ni ugonjwa ulioachwa nyuma, na kisukari na Parkinson haviambukizi.

Je, watu wa Bien Hoa waliipataje, hata wale waliozaliwa vita vimekwisha? Kwa mdomo. Kambini pale mapipa yalivuja, mvua ikapeleka uchafu kwenye madimbwi na mifereji. Tope likaliwa na wadudu na minyoo, samaki akala wadudu, bata akachokoa tope lile lile, mtu akapika bata. Kwa mama ikaingia kwenye maziwa, kwa sababu maziwa yana mafuta. Watafiti walipopima vyakula vya pale, waliikuta kwenye samaki, bata na kuku wa kufugwa nje. Ndiyo maana wataalamu wa huko wakihubiri, huhubiri juu ya chakula: usivue kwenye bwawa hili, usifuge bata karibu na uzio ule. Kushikana mikono hawakukataza.

Udongo nao una habari yake. Uwanja wa ndege wa Da Nang, huko huko Vietnam, ulisafishwa kuanzia 2012 hadi 2018. Walifukua tope na udongo, wakaurundika ndani ya boma kubwa la zege, wakauoka kwa miezi kadhaa kwa joto la zaidi ya nyuzi 300 ndipo dioksini ikavunjika. Bien Hoa ni kubwa zaidi, kazi imeanza 2019 na itachukua miaka. Sasa niambie, mwanangu, udongo umedai nyuzi 300, hiyo chai ya dola 90 ina nyuzi ngapi?

Unaweza kudhani tiba ipo ila ni ya wakubwa. Viktor Yushchenko wa Ukraine aliwekewa TCDD mwaka 2004 akigombea urais, uso wake ukaharibika mbele ya dunia nzima. Alitibiwa Geneva na madaktari wenye kila kifaa. Kwake, kwa kuwa kiwango kilikuwa kikubwa mno, sumu ilipungua kwa nusu kila miezi 15 hivi, na kazi hiyo ilifanywa zaidi na ini na utumbo wake mwenyewe. Angepewa beseni wangeshaliweka makumbusho.

Hilo beseni nimelijaribu. Mgonjwa wangu mmoja aliniletea lake, nikatia maji ya uvuguvugu na ile chumvi waliyompa, nikawasha bila mguu wa mtu ndani. Baada ya dakika kumi maji yalikuwa kama chai ya rangi, na povu la kahawia pembeni. Ni vyuma vya kile kifaa vinavyopata kutu kwa umeme na chumvi. Yule mama alitazama maji, akanitazama, akauliza kama atarudishiwa hela yake. Hakurudishiwa.

Chai ndiyo mbaya zaidi. Soma karatasi yake, mara nyingi utakuta sanamaki. Sanamaki inaharisha, na mjamzito wa miezi mitano hana sababu ya kuharishwa na mtu anayemuuzia hofu. Tena wanaosifia kwamba inakondesha hawajui wanachosema: mtu mwenye sumu za aina hii kwenye mafuta akikonda ghafla, huziachia kwenye damu.

Kama unataka kumsaidia mzee, uliza kama faili lake lipo sawa. Idara ya Maveterani ya Marekani inakubali Parkinson na kisukari cha aina ya pili kuwa matokeo ya Agent Orange kwa aliyehudumu Vietnam, bila yeye kuthibitisha alimwagiwa siku gani. Presha nayo iliongezwa kwa sheria ya 2022. Wapo wazee wanaonunua vidonge vya kusafisha damu wakati hati zao zimelala kabatini.

Na nyumbani nako tusijione salama kwa kuwa Vietnam ni mbali. Naulizwa kama 2,4-D inayouzwa maduka ya pembejeo ni Agent Orange. Siyo. Kile kiuagugu kilichobeba TCDD ni mwenzake. Lakini mtu huyo huyo anayeniuliza kwa hofu utamkuta amesuuza dumu la dawa ya magugu akachotea maji ya kunywa. Jioni anachoma mifuko, mabomba na nyaya za plastiki uani, na plastiki ya mabomba ikiungua kwa moto wa kufukiza hutoa dioksini. Kuku wanadonoa kwenye majivu yale, na mayai wanakula watoto. Hapo ndipo pa kutiwa woga, na hapo hakuna anayeuza beseni.

Akija tena muuzaji, muulize mambo mawili tu: sumu anayoitoa inaitwaje, na imepimwa ngapi kabla na ngapi baada ya kutumia bidhaa yake. Kipimo cha dioksini hufanywa na maabara chache na ni ghali kuliko beseni zima. Atakwambia "ni sumu tu, dada, kila mtu anazo." Mwache aende.

Wewe nenda kliniki kama kawaida, vaa glovu unaposafisha haja kama ulivyofundishwa kazini, na ukijifungua nyonyesha. Mkewe akilinunua hilo beseni, usikubali miguu ya mzee iwekwe humo: mwenye kisukari mara nyingi hahisi maji yakimuunguza. Unapomwogesha, onja maji kwa kiwiko chako wewe kwanza.