Mabega kuuma ukilalia vyuma vya mbele

Ndugu yangu, unasema mabega yanawaka na baiskeli inayumba ukilalia vile vyuma vya mbele vya usukani, vya kuegemeza viwiko (aerobar). Kwanza inua pedi za viwiko. Wengi huzishusha mno kwa fasheni tu. Viwiko vikae karibu chini ya mabega, uzito ubebwe na mifupa, si misuli. Na usivikabe vile vyuma. Ukikaza mikono, ndiyo inayumba.

Toka alfajiri kuelekea Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Ukishavuka daraja la Sabaki, lalia vyuma dakika moja, inuka, lalia tena. Msimu wa kusi upepo unakusukuma ukienda, ukirudi unakupiga usoni. Hapo utaona faida ya kulalia vyuma. Ukivuma wa ubavuni, rudi usukani wa kawaida. Mjini kati ya tuktuk na bodaboda usithubutu: breki ziko mbali na vidole.