Babu Yangu Bwana Saa Kumi na Jezi ya Ugiriki Niliyoikosa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Toowoomba, kule Queensland, aliniandikia inboksi. Ujumbe mrefu, nukta hata moja hakuna. Kwa kifupi ana miaka 19, anacheza raga ya ligi, nafasi ya winga, na mbio anazo. Wazazi wake ni Wakongo wa Fizi, yeye kazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakaletwa Australia akiwa na miaka 14. Kocha kamuuliza, siku ukiitwa timu ya taifa, itakuwa ya taifa gani? Kijana akabaki kutoa macho. Akanimalizia hivi: "Kaka, kwani mimi ni wa nani?"

Nilimjibu kwa mstari mmoja, nikamwahidi kuandika. Siku nne zimepita nauzunguka tu ujumbe wake, kwa sababu swali hilo niliulizwa mimi mwaka 2019, na jinsi nilivyohangaika kulijibu kulinifanya nisizungumze vizuri na baba yangu karibu miaka miwili.

Kwa mgeni wa mchezo huu: raga ya ligi ni ile ya watu 13, ukikabwa mara sita mpira unaachia. Si ya watu 15, wala si ile ya saba ambayo Wakenya wanatamba nayo. Hapa Sydney magharibi ndiyo inayotuzungusha. Mimi nilitua hapa nikiwa na miaka 11, natoka Tanga, najua chandimu na kuogelea basi. Mwaka wa pili mwalimu akanipa mpira ule wenye umbo la yai, akaniambia nikimbie moja kwa moja. Nikakimbia. Nimekimbia mpaka magoti yakakataa.

Sasa kanuni. Shirikisho la kimataifa, IRL, linakuruhusu kuichezea nchi uliyozaliwa, au aliyozaliwa mzazi wako, au aliyozaliwa babu au bibi yako, au uliyoishi miaka mitano mfululizo. Kwa hiyo mdogo wangu wa Toowoomba ana Tanzania kwa kuzaliwa, Congo kwa wazazi, na Australia miaka mitano ndiyo hiyo inatimia. Kitu kimoja tu kimempita: State of Origin, zile mechi za jimbo la New South Wales na jimbo la Queensland, inataka uwe umeishi kwenye jimbo kabla hujatimiza miaka 13. Mimi niliwahi. Kwa kanuni ningeweza kuvaa jezi ya buluu ya New South Wales. Kwa kanuni. Miguu yangu ilikuwa na maoni mengine.

Kuhama nako kuna utaratibu wake. Nchi za daraja la kwanza ni tatu: Australia, New Zealand na Uingereza. Huwezi kuchezea mbili kati ya hizo. Lakini kati ya mojawapo ya hizo na nchi ndogo ambayo nayo una haki nayo, mlango uko wazi, ilimradi usichezee nchi mbili ndani ya mashindano yale yale. Waliozoea raga ya 15 hili huwashangaza, maana huko tangu 2022 anayetaka kuhama hukaa miaka mitatu bila mechi ya kimataifa, na lazima nchi anayoiendea awe amezaliwa huko yeye, mzazi au babu yake. Na ni mara moja tu.

Mlango huo ndio alioutumia Jason Taumalolo mwaka 2017 alipoiacha New Zealand akaenda Tonga, na Andrew Fifita akaiacha Australia akamfuata. Watu waliwatukana. Tarehe 11 Novemba mwaka huo, Hamilton, Tonga walikwenda mapumziko wamelala 16 kwa 2 mbele ya New Zealand hiyo hiyo, wakarudi wakashinda 28 kwa 22. Mtaani kwetu bendera nyekundu zilipita kwenye magari mpaka alfajiri, nami nilikuwa nimesimama kando ya barabara nashangilia nchi isiyo yangu, huku najiuliza yangu iko wapi. James Tedesco yeye alikwenda njia ya kinyume: alichezea Italia Kombe la Dunia la 2013 na la 2017, kisha akaingia Australia, na 2022 ndiye aliyekuwa nahodha walipobeba kombe. Semi Radradra naye alitoka Fiji ya 2013 akavaa jezi ya Australia 2016. Wapo wanaowaita hawa wasaliti. Mimi sisemi hivyo. Nasema tu kwamba nchi ndogo si kituo cha kungojea basi, na anayekwenda kule kwa kungojea, wenzake kwenye chumba cha kubadilishia nguo humjua siku ya kwanza.

Haya, mimi. Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 27, nacheza ligi za chini, kazini natandika vigae. Tanzania haikuwa na timu. Australia sikuwa na ubavu. Ugiriki ndio walikuwa wanatafuta wachezaji wenye asili yao kwa ajili ya kufuzu Kombe la Dunia, na habari ikafika klabuni kwetu. Nikasema: mimi babu yangu Mgiriki.

Nilisema kweli. Baba yangu ni chotara, hilo halifichiki. Alizaliwa 1958 kwenye shamba la mkonge karibu na Korogwe, na aliyemzaa alikuwa bwana shamba, Mgiriki, mmoja kati ya wengi waliolima mkonge na kahawa Tanganyika. Bibi alikuwa akifanya kazi za ndani nyumbani kwake. Mengine hakuyasema, na sisi tulijifunza kutouliza. Baada ya Azimio la Arusha mashamba mengi yakataifishwa, yule bwana akaondoka, hakuandika hata barua.

Mratibu wa timu akaniambia vizuri kabisa: leta cheti cha kuzaliwa cha babu, au chochote rasmi kinachoonyesha jina lake na alikozaliwa, na kingine kinachomuunganisha na baba yako. Nikaona kazi ndogo hiyo. Nikachukua likizo ya wiki tatu, nikakopa nauli.

Korogwe nilipelekwa kwa mzee mmoja aliyekuwa mnyapara enzi hizo. Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, karibu. Nikajieleza. Akanitazama usoni kwa muda, akacheka kidogo, akasema, "Pua umeichukua." Nikamuuliza jina la babu yangu. Akaacha maharage. Akafikiri weee.

"Sisi jina lake tungelijulia wapi? Tulikuwa tunamwita Bwana Saa Kumi."

Kwa sababu saa kumi za alfajiri ndipo alipogonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, manamba waamke wakakate mkonge. Kila siku, mvua isimzuie. Jina hilo ndilo alilolijua bibi, ndilo alilolijua baba, ndilo nililorudi nalo. Cha ziada alichokumbuka yule mzee ni kwamba bwana alipolewa alikuwa akililia kwao, kisiwa cha mizabibu, "Tenedo".

Cheti cha kuzaliwa cha baba nacho nilikipata. Sehemu ya jina la baba mzazi imeandikwa vizuri, kwa wino mweusi, jina la fundi wa korona, mtambo wa kusaga mkonge, aliyemwoa bibi baba akiwa na miaka miwili. Huyo ndiye babu niliyemjua mimi. Ndiye aliyenifundisha kuogelea Mto Pangani.

Ningeishia hapo ningekuwa na akili. Nikarudi Sydney, nikamtafuta wakili wa bei nafuu, akaniandikia hati ya kiapo baba aisaini: kwamba mtu aliyetajwa kwenye cheti chake siye aliyemzaa. Nikampelekea baada ya chakula cha usiku. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya karatasi.

"Aliyenilipia ada ya shule ni nani?"

Sikujibu.

"Aliyenifundisha kuswali?"

Akainuka kwenda kutia udhu. Karatasi ilibaki mezani na miwani juu yake, na mama akaanza kuondoa sahani bila kunitazama.

Siku tatu baadaye nikampigia mratibu kumwomba muda, katika maongezi nikataja Tenedos. Kimya kidogo upande wa pili. Kisha akaniambia, rafiki yangu, Tenedos iko Uturuki tangu 1923, hata karatasi ukiipata inaweza isikusaidie. Yaani nimemvunjia baba yangu heshima kwa ajili ya kisiwa ambacho hata hakiko Ugiriki.

Ugiriki wakafuzu bila mimi. Na si kwamba walikuwa na raha: kwao mchezo wenyewe haukuwa halali kwa miaka, mechi zikichezwa usiku kwa kujificha na polisi wakija kuzizuia, mpaka 2022 ndipo mambo yakanyooka. Kombe la Dunia likachezwa mwaka huo huo. Walifungwa na Ufaransa 34 kwa 12, Samoa wakawapiga 72 kwa 4. Mechi ya Uingereza, Sheffield, niliitazama usiku wa manane peke yangu sebuleni, sauti nimezima nisiwaamshe watoto. Walipigwa 94 kwa 4. Tisini na nne! Na mimi nilikuwa nimekaa pale natamani niwe mmoja wao, nikabwe, nidhalilishwe, lakini nimevaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, na wengine wote mnaoniandikia. Anza na karatasi. Kabla ya kocha, kabla ya ndoto, kabla ya kuweka bendera kwenye wasifu wako wa Instagram, karatasi. Damu haisomwi na mtu yeyote pale ofisini. Sisi wa Afrika Mashariki tuna wazee waliozaliwa "mwaka wa njaa" au "mwaka wa nzige", tuna wakimbizi ambao familia nzima inasherehekea kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kambini. Hayo yote yana dawa ukianza mapema, na mengine hayana dawa kabisa wazee wakishazikwa. Nenda kwa mama yako leo, si siku ya kuitwa. Yule mnyapara wa Korogwe alifariki mwaka uliofuata, angetangulia kidogo nisingejua hata Tenedos.

La pili ni karatasi tena, ila safari hii uliza kwanza karatasi hiyo itamfuta nani. Mimi niliiona fomu, sikumwona babu aliyenibeba mgongoni. Vijana tunapenda kusema "ni mchezo tu" pale tunapotaka kitu, na "ni heshima ya taifa" pale tunapokipata. Chagua moja. Mzee akikwambia hapana, mkalie chini, msikilize, hata kama una haki zote za IRL mfukoni. Nchi ya kuchezea utapata nyingine, au hutapata na utaishi. Baba ni huyo huyo.

Na usichague kwa hasira. Nilijua wenzangu wawili waliokwenda timu ndogo ili kumkomesha kocha wa timu kubwa. Kocha hakujua hata kama wameondoka. Timu ndogo nyingi hazina pesa, utajilipia hata viatu, na utapigwa 72. Kama hujaipenda, utaichukia kufikia dakika ya ishirini.

Juzi usiku kijana kaniandikia tena. Kamfuata mama yake, kamuuliza. Mama katoa mfuko wa nailoni wenye karatasi zote tangu kambini, mojawapo imeandikwa mama kazaliwa Uvira. Mama anasema si kweli, yeye wa Fizi, ila mwandishi alikuwa na haraka na foleni ilikuwa ndefu, akakubali tu. "Sasa kaka, mama niseme amezaliwa wapi?"

Nimemwambia Fizi na Uvira zote ziko Congo, apumue, apige picha kila karatasi iliyomo kwenye ule mfuko, mbele na nyuma, anitumie kabla mama hajabadili mawazo. Mpaka sasa zimefika saba.