Mtoto Mpole Kupita Kiasi: Kwa Wanaoanza Kazi Kliniki ya Watoto

Akina mama wengi huja kliniki wakisema kwa furaha, "Mwanangu mpole, halii, usiku kucha amelala." Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikiipokea sifa hiyo kwa tabasamu, nikimpima mtoto uzito, nikijaza kadi na kumwita anayefuata. Mmoja wa watoto hao aliletwa tena akiwa na miezi mitano, shingo haijakaza, ulimi umejaa kinywani, ngozi kavu na ya baridi. Nilipoifunua kadi yake nilikuta mwandiko wangu wa wiki ya tatu: macho ya manjano, analala sana, anapata choo kwa shida. Dalili za upungufu wa homoni za thairoidi nilikuwa nimeziandika moja moja, lakini sikuzisoma kwa pamoja.

Tezi ya thairoidi, iliyoko mbele ya shingo, hutoa homoni ambazo ubongo wa mtoto hauwezi kukua bila hizo, hasa katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi mara nyingi huonekana mzima siku ya kuzaliwa, kwa kuwa sehemu ya homoni za mama ilimfikia tumboni. Kwa hiyo msisubiri sura ibadilike. Umanjano unaopita wiki mbili, kunyonya kwa uvivu hadi aamshwe, sauti nzito ya kilio, ngiri ya kitovu, misuli legevu na utosi wa nyuma ulio mpana: kila moja ina sababu nyingine nyingi, na watoto wengi wapole ni wazima kabisa, ila zikikutana mbili au tatu, agizeni kipimo cha damu cha TSH (homoni inayoichochea tezi ya thairoidi) na T4 (homoni ya tezi yenyewe) siku hiyohiyo. Mahali penye uchunguzi wa watoto wachanga, tone la damu ya kisigino huchukuliwa vizuri zaidi baada ya saa 48, kwa sababu siku ya kwanza TSH hupanda kwa kila mtoto.

Kwa mtoto mkubwa, pimeni urefu. Uzito peke yake hudanganya, kwani mwenye upungufu wa homoni hizi anaweza kunenepa huku kimo kikisimama. Mama atawaambia kwamba sare ya shule ya mwaka juzi bado inamtosha urefu, na mwalimu atasema amekuwa mzito wa kuelewa. Mwenye homoni nyingi kupita kiasi hukonda ilhali anakula sana, hutokwa jasho, moyo humwenda mbio, na darasani huitwa mtundu. Papaseni shingo akimeza mate, mkiulizia pia chumvi ya nyumbani, maana rovu, yaani uvimbe wa tezi hii shingoni, bado huletwa na upungufu wa madini joto (iodini). Watoto wenye ugonjwa wa Down wapimwe hata kama hawana dalili.

Kichanga aliyethibitishwa kuwa na upungufu aanze levothairoksini, yaani homoni ya thairoidi ya vidonge, ndani ya wiki mbili za kwanza za maisha ikiwezekana, mikrogramu 10 hadi 15 kwa kila kilo kwa siku. Mwonyesheni mama kwa vitendo: kidonge kisagwe, kichanganywe na maziwa yake kidogo kwenye kijiko, kisitiwe kwenye chupa nzima ambayo mtoto huenda asiimalize. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma apewe saa nne baadaye, kwani zikikutana tumboni homoni hainyonywi ipasavyo.