Jibu: Vifungio vya skii kwa mtu wa kilo 92
Ndugu, umeuliza uchague vifungio gani, yaani vile vinavyoshika buti kwenye skii na kuliachia unapoanguka. Kwa kilo 92 na mtindo wako wa kuruka miinuko, sishangai kwamba kipande cha kisigino cha kifungio chako kimekuvunjikia. Usivutwe na namba kubwa iliyochapwa juu ya kifungio. Kwanza fundi akukokotolee kipimo cha DIN, yaani namba ya nguvu inayohitajika kabla kifungio hakijaachia buti, kutokana na uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na mtindo wako. Akikupa 9, kifungio kinachorekebishwa kati ya DIN 3 na 10 kitafanya kazi karibu na kikomo cha springi, ilhali kifungio cha Marker Griffon, cha 4 hadi 13, kitakuweka katikati. Kuikaza springi kupita kipimo ili skii isichomoke ni kulihamishia goti mzigo. Breki ya kifungio nayo iwe pana kuliko kiuno cha skii, yaani sehemu yake nyembamba ya katikati, kwa milimita chache tu, isije ikakwaruza theluji unapolalia ukingo wa skii.