Jibu: Mkataba wa ulinzi Iraq, usaini wapi?

Mkuu, umeuliza kama ni sawa kwenda kusaini mkataba wa kazi ya ulinzi Iraq ukishafika Dubai. Hapana. Saini ukiwa bado Dar, na leseni ya wakala waulize TaESA, wakala wa ajira wa serikali. Soma jina la mwajiri: mara nyingi anayelipa ni kampuni ndogo iliyopewa kazi na kubwa, na hapo ndipo mshahara unapomegwa. Kama zabuni ni ya serikali ya Marekani, Defense Base Act, sheria ya Marekani ya fidia kwa wanaoumia kwenye zabuni zake za nje, inakuhusu hata wewe Mtanzania. Ukiumia, toa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30. Ukishindwa kabisa kufanya kazi, fidia ni theluthi mbili ya mshahara. Viza ya matembezi? Achana nayo. Mkataba wa Kirusi usioweza kuusoma, usiuguse. Mtanzania alifia Ukraine 2022 akipigania Wagner, kundi la mamluki la Urusi.