Majike wawili ua mmoja: wanakaa, lakini si kwa mapenzi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Bagamoyo kaniandikia: "Dada, nina mbwa wawili, mama na mwanawe, wote majike. Tangu mtoto azaliwe walikuwa wanalala kifua kwa kifua. Juzi wamechanana masikio, na leo wakionana tu wanarukiana. Nimchape yupi?"

Usimchape yeyote, bibie, nitakueleza. Ila naona nikujibu hadharani, maana najua wengi wenu mna mpango kama wangu. Ukuta umeshasimama, geti limefungwa, sasa mnataka majike wawili wa maana, usiku walinde na mwakani wawape watoto wa kuuza. Mimi ninao hapa Kange, Tanga. Wazima wote wawili, na wezi wa kuku mtaani wanaujua mlango wangu kwa sifa.

Kabla ya ushauri niwaseme waliosema haiwezekani. Shemeji yangu, mtu wa kujua kila kitu, alikaa barazani kwangu akala mkate wangu wa kumimina, akanywa chai yangu, kisha akatamka: "Majike wawili ni wake wenza hao, watauana." Jirani akadakia kwa dirishani. Basi yule mdogo nilipomleta kutoka Muheza, kanyonyeshwa na kuachishwa vizuri, nikampa jina Hayawahusu, kwa kifupi Haya. Kila magharibi namwita kwa sauti, na wanaohusika wanasikia. Mkubwa anaitwa Tabu, chotara wa Jemani shepadi, huyo alikuja na jina lake.

Na hilo la wake wenza silikubali. Wake wenza wana wazee wa kuwasuluhisha, na anayechoka ana kwao. Mbwa hana kikao. Madume mara nyingi hugombana kwa makelele, mate yanaruka, mmoja anageuka anaondoka. Majike niliowaona mimi hupigana kwa nia, wanashika na hawaachii, na kesho hawajasahau.

Mwaka wa kwanza hauna hadithi. Mdogo alilala chali, mkubwa alinguruma, wakacheza. Hapo ndipo watu wanapojisifu mapema kuwa wao wanajua kulea. Mbwa hukua mwili kwanza, akili ya utu uzima huja baadaye, kati ya mwaka mmoja na mitatu, na hapo ndipo mdogo huanza kumpima mkubwa. Mara nyingi mchokozi ni huyu aliyeingia mwisho, si mwenyeji. Haya alianza kwa vitu vya kijinga: kusimama kwenye ujia ili Tabu asipite, kumkazia macho mwenzake huku mwili umekakamaa na mkia uko juu, kuja kujipenyeza nikimshika Tabu kichwa. Mgeni angesema wanacheza. Mimi nikamwambia mwanangu, hawa siku yoyote.

Na siku ikafika, pale getini. Bodaboda kasimama kumshusha abiria, mbwa wote wawili wakalirukia geti. Mtu hawamfikii, hasira imeshapanda, mdomo ulio karibu ni wa mwenzake. Tabu kamshika Haya sikio, Haya kamshika Tabu mguu. Baba watoto yuko mpakani Horohoro na lori la saruji. Mwanangu anataka kuingiza mkono! Nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. Jamani, mkono hauingii katikati, wala usimshike mbwa shingo, atakung'ata hata kama ulimlea. Nilimwaga ndoo ya maji usoni kwao, haikutosha. Ndipo nikamshika mmoja miguu ya nyuma, mwanangu kamshika wa pili vivyo hivyo, tukavuta kwa pamoja kurudi nyuma, na tukakaa mbali na midomo. Nikasukuma kipande cha bati katikati yao. Wakaachana.

Daktari wa mifugo alishona sikio, akasafisha mguu, na akanishauri nimtoe mmoja. Nilimsikiliza kwa adabu, nikamlipa, nikarudi nyumbani na wote wawili. Kilichonipa moyo ni kwamba hawakuwa wanatafutana. Walipigania geti, na geti nilikuwa na uwezo wa kuliziba. Tukaligonga bati chini, wasione njia.

Baada ya hapo ni kutenganisha, kutenganisha, kutenganisha. Mabanda mawili, moja upande wa kisima, moja nyuma ya stoo, nyumba iko katikati, hawaonani. Alfajiri baada ya swala tulikuwa tunawatembeza kabla jua la Tanga halijawaka, mimi na Tabu, mwanangu na Haya, kila mmoja na kamba yake ya katani, barabara moja lakini mbalimbali, tukipunguza umbali kidogo kidogo. Wiki hizo sizisimulii, zinachosha. Siku hizi wanashinda pamoja mchana nikiwepo. Nikitoka, kila mtu bandani kwake. Usiku wanalinda kwa zamu.

Kula ndiyo msingi wa yote. Vichwa vya samaki kutoka Deep Sea, hapa hapa Tanga, nachemsha, natoa miiba, nachanganya na dona. Tabu anakula kwake, Haya kwake, na bakuli linaondoka likishakwisha, halibaki uani likawa sababu. Mfupa ni wa bandani tu, komeo limefungwa. Mgeni akitupa mfupa uani kwangu simpi chai tena. Wasile pamoja. Hata wakipendana, wasile pamoja.

Joto la kutaka dume nalo. Jike hushikwa na joto takriban kila miezi 6, linakaa kama wiki 3, na madume ya mtaa mzima yanakuja kukesha getini. Siku hizo hakuna kukutana. Hata likipita bila kupandwa, kwa muda wa miezi miwili hivi mwili wake unajidhania una mimba, anaweza kuchimba, kubeba kandambili na kuilinda kama mwanawe. Akizaa kweli, baada ya siku 63 hivi, yule mwingine hata kivuli chake kisionekane pale. Tabu nilimfunga uzazi, nikabaki na ugomvi wa joto la mmoja tu. Lakini msidanganyike, kufunga uzazi hakufuti chuki ambayo imeshaota.

Wapo wanaoniuliza na unajisi je. Mbwa wangu ni wa ulinzi, hawaingii ndani, vyombo vyao mbali, na kuosha mara saba, moja kwa udongo, nilifundishwa tangu madrasa. Tuendelee.

Sasa dada wa Bagamoyo. Damu ya mama na mwana haiwazuii, wao hawaulizani ukoo. Wangu walipigania kitu. Wako wanarukiana kwa kuonana tu, na hiyo ni hatua nyingine kabisa, fimbo itaizidisha, kwa sababu kila akimwona mwenzake atakumbuka na maumivu. Kwenye barua umesema pia kaka yako ana shamba la mananasi Kiwangwa. Mpeleke binti huko, bado kijana, atazoea haraka kuliko mama yake. Usilie. Watu wengine mnapenda kuonekana mna huruma, mnang'ang'ania wote wawili mpaka mmoja anakufa kwa vidonda. Na kama ulichanika wakati wa kuwaamulia, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha nenda hospitali leo, hata kama mbwa ni wako na ana chanjo ya kichaa.

Na ninyi mnaotaka kuanza, msichukue majike wawili wa uzao mmoja kwa sababu eti ni ndugu. Umri mmoja, nguvu moja, hakuna wa kumpisha mwenzake. Chukua jike na dume, umfunge uzazi mmoja, au majike waliopishana miaka. Mimi mwenyewe nauza watoto wa Haya na siwauzii watu hivyo. Mwezi jana kaja mteja wa Raskazone, hela mkononi, anataka dada wawili kwa pamoja. Nikampa mmoja. Alinuna, akasema biashara siijui. Wa pili kachukuliwa na mzee wa Pangani siku ileile, bei ileile.