Ripoti ya DNA Ikisema "Nadra", Uliza: Nadra kwa Nani?

Nimetetea washtakiwa katika mahakama za pwani ya Kenya kwa miaka mingi, na hakuna karatasi inayowavunja moyo jamaa kama ripoti ya DNA. Mama akisikia tu kwamba "DNA imemkamata", anaanza kuuliza kifungo ni miaka mingapi. Nawaomba msikate tamaa kabla ripoti haijasomwa ukurasa kwa ukurasa.

Kesi iliyonifumbua macho ilikuwa ya ubakaji, na mshtakiwa ni kijana wa visiwa vya Lamu. Chembechembe za mwanamke na mwanamume zikichanganyika, maabara mara nyingi hupima kromosomu Y peke yake, yaani fungu la DNA alilo nalo mwanamume tu, kwa kuwa mwanamke hana. Ripoti ilikuwa na jedwali la alama 17, yaani sehemu za Y zinazopimwa, zote zinalingana na za kijana. Chini yake mstari mmoja: mchanganyiko huu wa alama haujaonekana hata mara moja kwenye kanzidata, yaani hifadhi ya sampuli za kulinganishia. Jamaa zake waliposomewa mstari ule walidhani kesi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Y hutoka kwa baba ikaenda kwa mwana bila kuchanganyika na ya mtu mwingine. Kijana yule, baba yake, ami zake na watoto wa kiume wa ami zake wana Y ileile, au wamepishana kidogo sana. Penye ukoo uliojaza mtaa, kulingana kwa Y hakumtaji mtu, kunautaja ukoo. Kwenye kipimo cha kawaida alama zimetawanyika katika kromosomu nyingi, ndiyo maana mtaalamu huzidisha uwezekano wa alama moja kwa nyingine hadi afike mtu mmoja kati ya mabilioni. Y hurithiwa fungu zima, haizidishwi hivyo. Kazi inayobaki ni kuhesabu ni wanaume wangapi wanayo kwenye kanzidata.

Sasa kanzidata yenyewe ina kina nani? Inayojulikana zaidi ni YHRD ya Berlin, iliyo mtandaoni tangu mwaka 2000. Ina Y za wanaume zaidi ya 300,000 na yeyote anaweza kutafuta humo. Lakini maelfu ya watu wa Ulaya na Asia hawawezi kukuambia Y fulani imeenea kiasi gani Faza au Siyu, miji ya visiwa vya Lamu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa mifupa ya kale ya miji yetu ya pwani: kwa wengi wao, asili ya upande wa mama ilikuwa ya Kiafrika zaidi, na ya upande wa baba ilitoka kwa sehemu kubwa Uajemi. Chukua ukoo wenye Y ya namna hiyo, uulinganishe na sampuli za watu wa bara tu. Utaonekana wa ajabu, na kumbe kisiwani wamejaa.

Uliza pia idadi. Mchanganyiko usipoonekana kabisa kati ya wanaume 200, hesabu ya tahadhari ni 3 kugawanywa kwa 200: yaani huenda hadi mwanamume mmoja katika kila 67 anao. Hapo "haujaonekana" haina kishindo tena. Mtaalamu wa maabara aliyetoa ushahidi kwenye kesi ile, nilipomuuliza, alijibu kwa uungwana kwamba sampuli alizolinganishia zilikuwa za nchi nyingine, na uzito wa ripoti ukapungua palepale. Aliyetendewa unyama naye ana haki ya kujua ni nani hasa aliyemtendea.

Kwa hiyo watafiti wakija mtaani kuomba mate ya kupima DNA kwa ajili ya takwimu za jamii, mimi nasema wapeni. Najua hofu inatoka wapi. Serikali ilitaka kuingiza DNA kwenye Huduma Namba, mpango wake wa kusajili watu kidijitali, na Mahakama Kuu ikaizuia tarehe 30 Januari 2020. Nami niliufurahia uamuzi ule. Ila kanzidata ya takwimu haihitaji jina lako. Inahitaji alama zako, na jamii na eneo utokako. Kabla ya kufungua kinywa, soma fomu ya ridhaa: jina linatenganishwaje na sampuli, mate yataharibiwa lini, na je, polisi wanaweza kuyaomba? Kama hawana jibu la hilo la mwisho kwa maandishi, waambie warudi nalo.